Makasia Mia Nne

Mtihani uliuliza: Nani aligundua ziwa hili?
Maksi mbili.
Nilizipata zote mbili, kwa mwandiko mzuri,
na jioni nikashuka na ndoo kichwani
kuchota maji ndani ya jibu.

Nilikuwa darasa la saba, Butimba.
Ramani ya Mwalimu Luhende ilining'inia msumarini,
imechanika penye mkunjo;
sote tulijua ule ufa unapita Geita.
Ziwa lilikuwa buluu tupu, bila mtu,
kama shuka iliyoanikwa.
Nikatafuta kisiwa alikozaliwa mama,
nyumba kumi na saba na mwamba wa kuanikia furu,
nikakuta kimelaliwa na herufi V.
Kidole changu kilikaa pale hadi kengele ikalia.

"Kaskazini," alisema Mwalimu, "ni juu."
Kisha akanyamaza, akajikuna shingo kwa chaki.
"Neno lenyewe ni la pwani, limetokana na upepo
ambao huku hatuujui.
Kwetu kaskazini ni sukuma.
Kwa hiyo ukimwuliza bibi yako yeye ni nani,
anakujibu kwa dira."

Hakuwa mtu wa kuchukia vitabu.
Alitusimulia msafiri aliyepanda kilima hapa mjini,
akaona kipande cha maji,
kilichobaki akakikisia, akaenda kwao kukitetea;
na mabingwa waliolikata ziwa vipande vipande
wakiwa wameketi mezani, mbali na mbu;
mpaka akaja wa kulizunguka kwa mashua, ghuba kwa ghuba,
likaungana tena kwenye karatasi,
"ingawa majini," alisema, "halikuwa limeachana."
Kukosea hakukumuudhi.
Kilichomuudhi ni mtu asiyerudi kupima.

Basi tukapima. Kamba ya katani, fundo kila hatua,
toka jikoni mpaka vyooni, toka vyooni mpaka jabali
ambako wavulana walificha sigara.
Kabula alishika kijiti, mimi daftari.
Uwanja tuliokimbilia kila siku kama mraba
ukakataa kuwa mraba.
Tulirudia mara tatu. Ukakataa.

Kisha zoezi: chora njia ya kwenu.
Mazigo, aliyetoka Ukara, alileta ramani isiyo na nchi kavu.
Pembeni aliacha peupe, kama amesahau.
Majini ndiko kulikojaa:
penye ningu, penye matete,
penye mwamba unaokula nyavu, penye kina cha pima tisa,
na mahali alipozama kaka yake,
alipoweka nukta tu, bila jina.

Mwalimu aliitazama muda mrefu.
"Skeli iko wapi?"
"Makasia mia nne, Mwalimu. Toka hapa mpaka hapa."
"Makasia ya nani?"
"Ya baba. Ya kwangu ni mia sita."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.
Akampa nusu maksi, akakata, akampa sita,
akakata tena, hadi karatasi ikatoboka.
Sijui mwishowe aliandika nini.

Siku hizi napima viwanja, Ilemela.
Mashine yangu huzungumza na setilaiti
na hukosea kwa upana wa kidole;
wenye viwanja huigombania kwa heshima,
kama wanavyogombania shahidi.
Mwaka jana nilivuka kwenda kisiwani kwa mama
kumzika shangazi Kalunde.
Nikiwa pale kaburini, udongo bado viatuni,
nilifungua simu nione niko wapi.
Kidoti kikapepesa katikati ya buluu.
Simu ilisema niko majini.

Nilitoa daftari. Nikahesabu hatua
kutoka kaburini mpaka mwamba wa kuanikia.
Mia moja na kumi na mbili.
Nikaandika pembeni, kwa mwandiko mzuri:
za kwangu.